Kiboko Mdogo wa Liberia

Mgeni akisema anakwenda kuwatazama wanyama wa Afrika, mara moyoni mwake huiona mbuga kubwa yenye majani mafupi, simba amelala kivulini, na twiga, na makundi ya punda milia. Hayo ni kweli huko Serengeti, na kwetu Congo huko Virunga na Upemba hatukosi mbuga za namna hiyo. Lakini sisi tunaokaa karibu na mwitu twajua kwamba kuna Afrika nyingine: ile ya miti mirefu, ya mvua na kivuli, ambamo mtu aweza kutembea siku nzima asimwone mnyama hata mmoja, kumbe wanyama wote wamemwona yeye.

Leo twataka kusimulia habari za nchi moja yenye mwitu wa namna hiyo, mbali na kwetu. Ni Liberia, iliyo pwani ya bahari ya Atlantiki, katikati ya Sierra Leone na Côte d'Ivoire. Weusi waliotoka Marekani walianza kukaa huko mwaka 1822, na mwaka 1847 nchi ikatangaza uhuru wake. Watu wengi wanajua habari hizo. Wachache wanajua kwamba katika mwitu wa Liberia anakaa mnyama ambaye wenye elimu wa Ulaya na Marekani walimtilia shaka karibu miaka 70, ingawa wenyeji walimfahamu vema, wakamwinda, wakampa jina, na kumtungia hadithi. Mnyama huyo ni kiboko mdogo.

Habari zake zina mafundisho kwetu sisi pia, kama tutakavyoona mwishoni.

Mwitu na wakaaji wake

Pwani ya Liberia hupata mvua nyingi kupita kiasi. Mji mkuu, Monrovia, hupata zaidi ya milimita 4,000 kwa mwaka. Kwa ajili ya mvua hiyo mwitu ulistawi toka pwani mpaka mipaka ya Guinea. Ni sehemu ya ule mwitu mkubwa ambao zamani ulienea toka Guinea na Sierra Leone hata Ghana na Togo. Leo umekatwa vipande vipande, na vipande vikubwa kuliko vyote vimebaki Liberia.

Humo wanakaa tembo wa mwitu, wenye masikio ya mviringo na pembe zilizonyoka kuelekea chini. Wamo sokwe, na mbega wekundu, na kima wa namna nyingi. Wamo kakakuona, na hondohondo ambao mabawa yao huvuma juu ya miti kama upepo. Yuko funo mmoja mwenye mistari myeusi mgongoni kama punda milia. Yuko ndege ambaye kichwa chake ni cha rangi ya manjano wala hakina manyoya, na kiota chake hukifinyanga kwa udongo ubavuni mwa mwamba, kama mtu afinyangaye chungu.

Je, msafiri atawaona hao wote? Tusimdanganye. Mwaka 1935 mwandishi Mwingereza Graham Greene, yule ambaye mwaka 1959 alifika Congo kukaa na wagonjwa wa ukoma huko Yonda, alivuka mwitu wa Liberia kwa miguu pamoja na binti wa baba yake mdogo na wapagazi wengi. Walitoka mpaka wa Sierra Leone, wakatembea majuma mengi hata kufika baharini. Ukisoma kitabu alichokiandika juu ya safari hiyo, wanyama utakaokutana nao mara nyingi ni panya waliokimbia kuta za nyumba usiku, na mende, na funza waingiao vidole vya miguu. Wanyama wakubwa hawakumngoja njiani. Ndivyo mwitu ulivyo. Kwanza humpa mgeni wadudu, kisha humpa nyayo na mavi na sauti. Mnyama mwenyewe huja mwisho, naye mara nyingi haji.

Basi mwituni msafiri hana msaada isipokuwa mwenyeji. Mwenyeji ndiye ajuaye njia ya mnyama, na mti autegemeao kwa matunda, na saa yake ya kunywa maji. Hilo ni jambo la wazi kwa kila mwindaji. Lakini wenye elimu walichukua muda mrefu kulikubali.

Sokwe na mawe

Tutoe mfano mmoja kwanza. Katika miaka baada ya 1840, mganga mmoja Mmarekani, Thomas Savage, alikuwa mmisionari wa Waprotestanti huko Cape Palmas, kusini-mashariki ya Liberia. Alikuwa mtu wa kuuliza na kusikiliza. Pamoja na mwenzake Jeffries Wyman aliandika habari za sokwe, zikapigwa chapa Marekani mwaka 1843 na 1844. Kati ya mengine aliandika kwamba sokwe hupasua kokwa ngumu kwa mawe, kama watu wafanyavyo.

Wasomi waliliacha neno hilo lipite. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, mwaka 1960, Jane Goodall alifika Gombe, karibu na Kigoma, ng'ambo ya ziwa letu la Tanganyika, akawaona sokwe wakivua mchwa kwa vijiti. Ulimwengu wote ukashangaa kwamba mnyama aweza kutumia chombo. Kazi yake Gombe ilikuwa kubwa, wala hatumpunguzii sifa. Lakini huko Liberia jambo la namna hiyo lilikuwa limekwisha andikwa, na kabla ya kuandikwa lilijulikana na watu waliosikia mlio wa mawe mwituni tangu utoto wao.

Mafuvu yafika Philadelphia

Sasa twende kwa kiboko. Wakati huohuo wa Savage, mganga mwingine wa misioni, Goheen, alikuwako Monrovia. Alipata mafuvu ya mnyama kutoka mto Saint Paul, akayapeleka Marekani kwa Samuel Morton, mwenye elimu wa mji wa Philadelphia. Morton alizipima, akaona meno na mifupa ya kiboko. Lakini ukubwa haukulingana. Fuvu la kiboko wa kawaida ni mzigo wa kuinamisha mtu. Mafuvu haya yalikuwa madogo, ingawa meno yake yalionyesha kwamba wanyama wale walikuwa wamekwisha kukomaa.

Mwaka 1844 Morton alitangaza kwamba ni kiboko wa aina nyingine. Mwaka 1849 alimpa jina la Kilatini la kumtambulisha kuwa ni wa Liberia, na jina hilo analo hata leo.

Je, walimsadiki? Wengine walisadiki, lakini wengi walitikisa vichwa. Walisema: labda ni watoto wa kiboko wa kawaida. Labda ni kiboko aliyedumaa kwa kukosa chakula. Labda aliishi zamani naye amekwisha kutoweka. Mwaka 1873 mtoto mmoja mzima alichukuliwa toka Sierra Leone hata bustani ya wanyama ya Dublin, huko Ireland. Alikufa muda mfupi baada ya kufika, na shaka ikabaki palepale.

Tufikiri kidogo juu ya shaka hiyo. Wakati wasomi walipobishana juu ya mafuvu mezani, mwindaji wa Liberia aliweza kuwaonyesha kinyesi cha mnyama huyo, na njia yake kati ya majani, na pango lake ukingoni mwa mto. Hakuna aliyemwita Philadelphia kutoa ushuhuda.

Wasafiri wa Leiden

Mtu aliyekwenda kuuliza mahali penyewe ni Johann Büttikofer, Mswisi aliyetumwa na nyumba ya makumbusho ya Leiden, Uholanzi. Alifika Liberia mwaka 1879, akakaa mpaka 1882, kisha akarudi tena mwaka 1886 na 1887. Kazi yake ilikuwa kukusanya wanyama wa kila aina: ndege, popo, samaki, kima, funo. Kazi hiyo ilikuwa ya hatari. Sala, mwenzake wa safari ya kwanza, alifia huko mwaka 1881, na Büttikofer mwenyewe alirudi Ulaya akiwa mgonjwa.

Büttikofer hakuweza kuyafanya hayo yote kwa mikono yake peke yake. Alikaa vijijini, akatembea na wawindaji wa nchi, akajifunza kwao. Ndivyo alivyopata ngozi na mifupa ya kiboko mdogo, na habari za maisha yake. Mwaka 1890 alitoa kitabu kikubwa juu ya Liberia, watu wake na wanyama wake. Toka hapo shaka ikapungua katika nyumba za elimu. Lakini hakukuwa bado na mzungu aliyeweza kusema: huyu hapa, yu hai, mtazameni.

Schomburgk na mashimo

Huko Hamburg, Ujerumani, alikuwako mfanyabiashara wa wanyama jina lake Carl Hagenbeck. Huyo aliuza simba, tembo na twiga kwa bustani za ulimwengu mzima. Naye alitaka kiboko mdogo aliye hai. Akamtuma Liberia mwindaji wake, Hans Schomburgk.

Wenyeji walimwambia kwamba mnyama huyo yuko, tena walimwambia jinsi alivyo: mweusi, mfano wa nguruwe mkubwa, hutembea usiku, huishi peke yake. Hata hivyo safari ya kwanza ilikuwa ya taabu. Mwezi wa Juni mwaka 1911 Schomburgk alimwona mmoja karibu kabisa. Angeweza kumpiga risasi, lakini hakumpiga, maana alitumwa kuleta walio hai. Mvua zikazidi, akarudi Hamburg mikono mitupu, na wengi hawakumsadiki.

Hagenbeck akamtuma tena. Safari hii walichimba mashimo katika njia za viboko, wakayafunika kwa vijiti na majani. Mtego huo haukubuniwa na mzungu. Ni mtego wa watu wa mwitu, na babu zetu pia waliujua. Mwaka 1912 kiboko wa kwanza alianguka shimoni, wakafuata wengine. Wapagazi wakawachukua mpaka pwani, wakapakiwa melini. Mwaka uleule watatu walinunuliwa na bustani ya wanyama ya New York, na watu walipanga mstari kumwona mnyama aliyesemwa kuwa hayuko.

Magazeti yaliandika kwamba Schomburgk amemvumbua kiboko mdogo. Hatuwezi kumnyima ushujaa wake wala subira yake. Lakini neno "kuvumbua" linataka kupimwa. Waliochimba mashimo, waliojua njia ipi hupitwa usiku, waliobeba wanyama mabegani mpaka baharini, majina yao hayakuandikwa.

Namna yake na hadithi zake

Kiboko mdogo yukoje? Kimo chake hakifiki mita moja, au huifikia kwa shida. Uzito wake ni kilo 180 mpaka 275 hivi, ambapo kiboko wetu wa Semliki na Lualaba aweza kupita kilo 1,500. Kiboko mkubwa hukaa makundi makundi majini mchana kutwa. Yule mdogo hukaa peke yake, au mama na mtoto wake, naye mchana hujificha kinamasini, au katika shimo chini ya mizizi ukingoni mwa mto. Jua likishuka hutoka kutafuta majani, mimea ya vivulini na matunda yaliyoanguka. Ngozi yake hutoa utelezi kama jasho la kung'aa, unaomkinga asikauke. Mama huchukua mimba miezi sita au saba, naye huzaa mtoto mmoja wa kilo tano au sita tu.

Watu wa Liberia husimulia kwamba kiboko huyu hubeba almasi kinywani usiku, imwangazie njia mwituni, na mchana huificha mahali pasipojulikana. Mwindaji akimpata usiku, aweza kuipata almasi pia. Husimulia tena kwamba mtoto wake hanyonyi, bali hulamba maziwa yatokayo katika ngozi ya mama. Msomaji aweza kucheka, lakini asicheke upesi. Hadithi ya almasi yatuambia kwamba aliyeitunga alijua kuwa mnyama huyu hutembea gizani na hapotei njia. Hadithi ya maziwa yatuambia kwamba ameuona ule utelezi wa ngozi kwa karibu, na mtoto amesimama ubavuni mwa mama yake. Hayo si mawazo ya mtu aliyekaa nyumbani. Chini ya hadithi pana macho yaliyotazama.

Kiboko aliyekwenda Washington

Mwaka 1926 serikali ya Liberia ilifanya mapatano na kampuni ya Firestone ya Marekani, ikaikubalia kukodi ardhi hata ekari milioni moja kwa miaka 99, ili kupanda miti ya mpira. Palipokuwa na mwitu pakaanza kuwa na mistari ya miti iliyo sawasawa. Katika kazi hizo kiboko mdogo dume alikamatwa, na mwaka 1927 Harvey Firestone akampa Rais Calvin Coolidge wa Marekani kuwa zawadi. Wakamwita Billy. Aliwekwa katika bustani ya wanyama ya Washington, akaishi Marekani mpaka mwaka 1955, akazaa watoto 23. Viboko wadogo wengi walioko katika bustani za Marekani leo ni wa uzao wake.

Tangu hapo mnyama huyu amependwa na watu wasiojua hata Liberia iko upande gani. Mwezi wa Julai mwaka 2024 mtoto jike alizaliwa katika bustani moja huko Thailand, akaitwa Moo Deng. Picha zake zilizunguka ulimwengu kwa simu, na watu wa mbali walisafiri kwenda kumwona. Ni jambo la kufurahisha, nasi twacheka tukimwona. Lakini ni ajabu ya kusikitisha pia: mamilioni ya watu wamemwona mjukuu wa mbali wa mwitu huu, na huku wenzake wa mwituni wanapungua pasipo mtu wa kuwatazama.

Vita, dhahabu na njaa

Mwaka 1983 Liberia ilifanya jambo jema: iliweka mbuga ya kwanza ya taifa, jina lake Sapo, kusini-mashariki ya nchi. Miaka sita baadaye, mwezi wa Desemba 1989, vita vilianza. Vilituliatulia, vikarudi, visikome mpaka mwaka 2003. Sisi watu wa Congo hatuna haja ya kuelezwa vita ni nini kwa mwitu. Walinzi hukimbia. Bunduki huwa nyingi kuliko majembe. Watu wenye njaa hukimbilia msituni kuokoa roho zao, nao hula wanachokipata. Nani atamhukumu mama anayempikia mtoto wake nyama ya kima wakati shamba lake limechomwa?

Vita vilipokwisha, ikaja dhahabu. Maelfu ya watu waliingia Sapo wakachimba mashimo, wakawinda ili kupata chakula cha kambi. Mwaka 2005 wakatolewa, lakini baadaye wengine walirudi. Hao nao hawakuwa wabaya wote. Wengi walikuwa vijana waliotoka vitani bila kazi wala shule.

Ndipo watu wakaanza kuuliza: je, kiboko mdogo yuko bado? Wanavijiji walisema yuko. Mwaka 2008 watafiti walifunga kamera kwenye miti ndani ya Sapo, za namna ile ijipigayo picha yenyewe mnyama akipita mbele yake. Hazikupita siku nyingi, picha zikapatikana: usiku, mgongo unaong'aa kwa utelezi, kichwa kimeinama, kiboko mdogo anapita zake. Kwa mara nyingine tena, wenyeji walikuwa wamesema kweli, na chombo cha wageni kilikuja kuwathibitishia.

Mnyama mwingine alikuwa amekwisha kutoa funzo hilohilo. Mwaka 1958 wenye elimu walimtambua nguchiro wa Liberia, anayechimbua minyoo kwa pua yake ndefu, kwa kuyatazama mafuvu tu. Hata mwaka 1989 ndipo wataalamu walipompata mmoja aliye hai. Miaka 31 alikuwa mnyama wa kwenye sanduku, na huku watu wa vijijini wakimwona akipita shambani.

Lakini si kila habari huishia vema. Huko Nigeria, katika delta ya mto Niger, walikuwako viboko wadogo wengine, mbali sana na ndugu zao wa Liberia. Katika miaka ya 1940 afisa mmoja Mwingereza, Heslop, aliwapiga risasi wachache akahifadhi mafuvu. Mwaka 1969 wasomi waliyapima, wakasema: kweli, hawa ni wa kabila la pekee. Wakawapa jina la Heslop. Lakini walipopewa jina, wenyewe hawakuonekana tena, na leo huhesabiwa kuwa wametoweka. Huko Nigeria habari ilianza kwa mafuvu ikaishia kwa mafuvu.

Leo kiboko mdogo yuko katika nchi nne tu: Liberia, Sierra Leone, Guinea na Côte d'Ivoire. Mwaka 2015 wataalamu walikadiria kwamba waliokomaa hawafiki 2,500, na wengi wao wako Liberia. Nchi hiyo imeongeza mbuga nyingine, ile ya Gola mwaka 2016, na ile ya Grebo-Krahn mwaka 2017. Ng'ambo ya mpaka, Sierra Leone nayo inalinda Gola yake na kisiwa cha Tiwai katika mto Moa, ambako msafiri mwenye bahati na mwenye kiongozi mwema aweza kuona walau nyayo za kiboko mdogo mchangani asubuhi. Mwaka 2025 mahali hapo pamewekwa katika orodha ya urithi wa ulimwengu.

Na sisi je?

Msomaji aweza kusema: haya ni ya Liberia, sisi yatuhusu nini? Yatuhusu sana. Mwaka 1906 kilitoka kitabu kikubwa cha Mwingereza Harry Johnston juu ya Liberia na wanyama wake. Nani alikuwa Johnston? Ndiye yule ambaye miaka michache kabla, alipokuwa mkubwa wa serikali ya Uganda, aliwaokoa Bambuti waliokamatwa ili wapelekwe Ulaya kuonyeshwa kama wanyama. Akawarudisha kwao, mwitu wa Ituri. Njiani akawauliza juu ya mnyama ambaye Stanley alikuwa amesikia habari zake, mfano wa punda, akaaye mwituni. Bambuti wakamjibu bila kusita: twamjua, ni okapi. Mwaka 1901 ngozi nzima na mafuvu mawili yakafika London, na okapi akapewa jina la Kilatini la Johnston. Wale Bambuti waliomjibu, hakuna kitabu kinachotaja majina yao.

Basi okapi wetu na kiboko mdogo wa Liberia ni ndugu kwa habari zao. Wote wawili walijulikana mwituni tangu zamani, wakakanwa mezani, kisha wakashangiliwa katika bustani za miji mikubwa. Tena wote wawili wamepatwa na yaleyale. Mwezi wa Juni mwaka 2012 watu wenye silaha waliishambulia Epulu, katika hifadhi ya okapi. Waliua watu, na okapi 14 waliofugwa pale wakapoteza maisha yao. Waliokufa, watu na wanyama, walikuwa wetu.

Tusidhani kwamba wanyama wa mwitu wataokolewa na watu wanaowapenda kwa picha tu. Picha ni njema, na fedha za wageni zaweza kumlipa mlinzi mshahara. Lakini usiku mvua inyeshapo, aliye karibu na mnyama ni mwanakijiji peke yake. Mwanakijiji huyo akiwa na shamba la kutosha, na shule ya watoto, na sehemu ya haki katika faida ya mwitu, atakuwa mlinzi kuliko mlinzi yeyote. Akifukuzwa tu kwa jina la wanyama, asipewe kitu, atakuwa adui yao, nasi hatutakuwa na haki ya kumlaumu.

Kwa hiyo twawaomba wasomaji wetu mambo mawili. La kwanza, ninyi mnaokaa karibu na mwitu, waulizeni wazee majina ya wanyama na desturi zao, mkayaandike katika daftari kwa lugha zenu wenyewe. Elimu hiyo haipungui thamani kwa kuwa haijapigwa chapa Philadelphia wala Leiden. La pili, mkipata nafasi ya kusafiri, hata Liberia yenyewe, msiende kwa haraka ya kuona. Mtafuteni mwenyeji, mkae naye jioni, msikilize kwanza. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwituni twaweza kuongeza kwamba mgeni naye haoni kitu pasipo mwenyeji.

Na kama mkirudi bila kumwona kiboko mdogo, msisikitike. Mkiambiwa kijijini kwamba jana usiku amepita mtoni, na nyayo zake zipo, sadikini. Wale waliokataa kusadiki walichelewa miaka 70.